Diski ya inje inakatika, na makaratasi yetu iko ndani

Hapa Likasi, kartoni za makaratasi zimeanza kuachia nafasi kitu kidogo, sawa kitabu cha sala: diski ya inje. Sisi wa sendika tunatia humo picha za karatasi za mushahara, kontra za kazi, vyeti vya munganga, makaratasi ya CNSS, barua za kusimamishwa kazi. Miaka makumi tatu ya jasho ya mutu inaingia mule, na nafasi inabaki ya wengine elfu.

Basi ile diski inakatika. Uko unakopia dosie ya muzee fulani, mara ordinateri inalia, diski inapotea kwenye ekra, kisha inarudi yenyewe. Kesho yake dosie inakataa kufunguka. Watu wanasema "ni virusi". Wengine wanasema "ni bulozi, bamemufungia muzee". Mara nyingi haiko virusi wala bulozi. Ni kura, ni kable, ao ni ordinateri yenyewe inapunguza matumizi bila kukuuliza.

Kwa nini watu wa mine tusumbuke na mambo haya? Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi 10.655 wa Gécamines walitoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa mapenzi. Wengi hawakukubali hesabu yao ya mwisho, na mabishano ikaendelea miaka na miaka. Katika mabishano ya namna ile, mutu asiye na karatasi anabaki na kinywa tu. Na mwenye ugonjwa wa mapafu juu ya vumbi ya mine, picha ya kifua ya zamani njo inasaidia kuonyesha mapafu ilikuwa namna gani mbele, na sasa iko namna gani. Ikipotea, munganga hana cha kulinganisha.

Tuanze na kura, juu njo inasumbua zaidi. Diski ndogo, ile inayoingia mukononi, haina sharjeri yake. Inakula kupitia kable ileile inayopitisha dosie. Tundu ya USB 2.0 imepangiwa kutoa miliampere 500, na ya USB 3.0, ambayo mara nyingi ina rangi ya bulu ndani, inatoa 900. Saa diski inapoanza kuzunguka inaomba nguvu nyingi kuliko saa inapotulia. Nguvu ikipunguka, inazimika kidogo, na ordinateri inaona sawa vile umeichomoa. Kama ordinateri yenu ni ile ya kuweka mezani, tumia matundu ya nyuma, maana ya mbele inapitia kable kingine ndani ya sanduku. Musipitishe diski kwenye kigawanyo cha USB kisicho na sharjeri yake, pamoja na suri na telefone inayochajiwa. Ni posho ya mutu mumoja mezani kwa watu wane.

Diski kubwa, ile yenye sharjeri ya kuchomeka kwenye ukuta, ina shida yake. Delestaji ikipita, ordinateri ya kubeba inabaki na bateri, mutu anafikiri yuko salama. Lakini ile diski imekwisha kuzimika, katikati ya kuandika. Sharjeri yake iingie kwenye onduleri, si kwenye prizi ya ukuta. Kama sendika yenu haina onduleri, nunueni diski ndogo na muifanyie kazi kwa ordinateri yenye bateri imejaa. Na grupu ikiwashwa, ngojeni kura itulie kwanza.

Kisha kable. Kabla ya kulaumu diski, badilisha kable. Haina bei kubwa, na njo inayochoka ya kwanza, zaidi ile yenye kichwa kipana na bapa upande wa diski. Chukua fupi, isizidi metre moja, na usiiongezee urefu kwa kable nyingine. Diski ilale mezani, isininginie. Vumbi yetu munaijua: inaingia hata ndani ya sahani iliyofunikwa. Funika tundu usipotumia, pulizia wakati ordinateri imezimwa, musichokore na sindano.

Sasa Windows yenyewe. Imepangwa kuzimisha matundu ya USB ambayo inaona haitumiki. Fungua «Panneau de configuration», ingia «Options d'alimentation», kisha paramètres avancés za mode unayotumia. Tafuta «Paramètres USB», na ile suspension sélective uitie «Désactivé», kwa bateri na kwa secteur, zote mbili. Palepale, chini ya «Disque dur», kuna dakika za kungoja kabla ya kusimamisha diski, tia «Jamais». Ikiendelea kukatika, nenda «Gestionnaire de périphériques», fungua contrôleurs za bus USB, na kwa kila «Concentrateur USB racine» ondoa alama inayoruhusu ordinateri kuzimisha kifaa ili kuchunga nguvu. Bateri itakwisha haraka kidogo. Sisi tunaona hiyo haiko hasara.

Kuna pia kukatika kunakoletwa na mukono wa mutu. Saa ya kumaliza, bonyeza alama ya kuondoa diski, chini upande wa kuume, ngoja ikubali, njo uchomoe. Diski iliyopangwa kwa exFAT inaumia upesi zaidi ikichomolewa gafula kuliko ya NTFS. Kama munatumia Windows tu, pangeni NTFS siku ya kwanza, wakati iko tupu.

Na kama imekwisha kukatika, na ekra inaomba kuiformater? Bonyeza «Annuler». Anayekubali anafuta orodha ya kila kitu kilicho ndani. Jaribu kable nyingine, tundu nyingine, ordinateri nyingine. Ikifunguka, kopia kwanza makaratasi, kutengeneza ni baadaye. Lakini ukisikia diski inagonga ka-ka-ka ndani, ni chuma chenyewe kinakufa: izime, usiiwashe tena na tena, upeleke kwa fundi anayejua kutoa dosie ndani ya diski iliyokufa.

Diski moja haitoshi hata ikitulia vizuri. Ya pili ikae nyumba ingine, mbali na ya kwanza, juu mwizi na moto havichagui. Karatasi zenyewe musizitupe.

Mukienda kununua, bebeni ordinateri yenu. Muuzaji aruhusu mukopie dosie kubwa, giga mbili ao tatu, mbele yake, huku munasogeza kable polepole upande huu na ule. Ikikatika palepale sokoni, mumurudishie.