Talaka imetoka, lakini akaunti ya pamoja bado iko wazi: fanya hivi

Wengi hudhani kwamba mahakama ikishavunja ndoa, kila kitu cha wawili kinajigawa chenyewe. Kwa akaunti ya benki, sivyo. Hakimu wa Meru au Embu akitoa amri ya talaka, akaunti haijifungi. Benki huendelea kufuata maagizo mliyotia sahihi siku mliyoifungua, mpaka iambiwe vingine.

Tunaliandika hili kwa sababu pesa za wateja wetu wengi hutembea kati ya simu na benki: bonasi ya chai, malipo ya kahawa, mauzo ya miraa, kodi ya nyumba. Mlango mmoja ukisahaulika wazi, jasho la mwaka mzima linaweza kuondoka kwa dakika chache.

Nani anaruhusiwa kutoa pesa?

Anza na swali hili. Kuna akaunti ambazo sahihi ya mmoja yeyote inatosha, na kuna zile zinazodai sahihi za wote wawili. Kama hukumbuki yenu ni ipi, nenda benki na kitambulisho uulize.

Tuseme wewe ni mkulima wa chai Runyenjes. Mmeachana Agosti, na bonasi ya mwaka inatarajiwa Oktoba. Kiwanda bado kina namba ya akaunti ya pamoja. Ikiwa sahihi moja inatosha, mwenzako anaweza kutoa zote asubuhi hiyo hiyo, na benki itasema ilifuata maagizo yenu. Ikiwa zinahitajika sahihi mbili, pesa hazitatoka bila wewe, lakini nawe huwezi kulipa karo mpaka yeye akubali.

Hatua za kufuata

1. Andikia benki mapema. Usingoje talaka itoke. Eleza kwamba mna mgogoro, na uombe pesa zisitolewe bila sahihi za wote wawili. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Omba pia taarifa ya akaunti ya miezi iliyopita. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Geuza njia ya pesa zinazoingia. Kama namba ya mkulima iko kwa jina lako, peleka akaunti mpya kwenye kiwanda cha chai au chama cha ushirika cha kahawa. Fanya hivyo pia kwa mwajiri, wapangaji, na namba ya kulipia ya duka lako.

3. Kagua simu. Badilisha namba ya siri ya pesa za simu na ya huduma ya benki kwa simu. Kama laini unayotumia ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mwenzako, kwenye rekodi mwenye laini ni yeye, naye anaweza kuomba laini mpya ya namba hiyo. Sajili yako, kisha uijulishe benki.

4. Maliza madeni. Mkopo mliochukua pamoja haufi na ndoa. Kwa kawaida benki inaweza kumdai mmoja wenu deni lote, na lisipolipwa mnaweza kuorodheshwa CRB nyote wawili. Simamisha pia malipo yanayokatwa kila mwezi.

5. Gawaneni salio, kisha mfunge. Nendeni wote na vitambulisho, mrudishe kadi na vitabu vya hundi, mtie sahihi fomu ya kufunga. Usitoke bila barua inayothibitisha kwamba akaunti imefungwa.

Mkikosa kuelewana

Mnaweza kuketi na wazee wa ukoo, au kule Meru, Njuri Ncheke. Ni njia nzuri, lakini andikeni mlichokubaliana na kila mtu atie sahihi. Benki haiwezi kufanyia kazi maneno ya mdomo.

Ikishindikana, kuna mahakama. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa ya wote sawa, mpaka mmoja alete ushahidi wa kupinga. Januari 2023, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba kugawana nusu kwa nusu si jambo la moja kwa moja. Mchango wa kila mmoja huangaliwa. Na mchango si mshahara pekee. Sheria hiyo inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima shamba na kusimamia biashara ya familia. Kwa hiyo mama aliyechuma chai miaka kumi asiambiwe kwamba hana kitu kwa sababu pesa hazikuingia kwa jina lake.

Unaweza kuiomba mahakama iamue haki yako juu ya mali hata kabla ya kesi ya talaka. Wakili akikuandalia ombi, mahakama inaweza pia kuizuia akaunti wakati mnasubiri uamuzi.

La mwisho: usikimbilie kutoa pesa zote kwa hasira kabla mwenzako hajazitoa. Kesho utatakiwa uelezee kila shilingi. Barua yenye muhuri wa benki italinda haki yako vizuri zaidi, na unaweza kuipeleka leo.