Mfupa Unaolishika Jino la Kupandikiza

Jino la kupandikiza ni skrubu ndogo ya titani inayokazwa ndani ya mfupa wa taya, kisha jino la bandia hufungwa juu yake. Kinachoishika si gundi wala waya, bali mfupa wenyewe, ambao huota na kushikamana na titani kwa muda wa miezi mitatu hadi sita. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliligundua jambo hilo katika miaka ya 1950 alipokuwa akichunguza mifupa ya sungura, na mwaka 1965 akamtibu mgonjwa wa kwanza.

Mfupa huo haubaki ulivyo. Kwa kawaida hupungua kidogo shingoni mwa skrubu katika mwaka wa kwanza, na upungufu wa hadi milimita 1.5 umekubalika kwa miaka mingi. Baada ya hapo haupaswi kuzidi milimita 0.2 kwa mwaka. Daktari huufuatilia kwa eksirei: huhesabu hesi za skrubu zilizobaki juu ya ukingo wa mfupa, kisha hulinganisha na picha ya awali.

Mahali skrubu inapokaa ni jambo kubwa. Ikiegemea upande, ukuta mwembamba wa mfupa ulio mbele huweza kulika. Ikizama mno katika taya la chini, huweza kuugusa mshipa wa fahamu. Ndiyo maana hutumika kielekezi, yaani kifuniko cha plastiki chenye matundu, kinachotengenezwa kwa kufuata picha ya taya ya pande tatu. Kuna kinachoegemea meno yaliyobaki, kinachokaa juu ya fizi, na kinachowekwa juu ya mfupa uliofunuliwa. Kinachoegemea meno ndicho hutulia zaidi. Vingine huongoza tundu la kwanza tu, na vingine huongoza kazi yote hadi skrubu inapokazwa.

Kielekezi kina faida na pia kina tahadhari zake. Hupunguza makosa ya mwelekeo, na mara nyingine fizi haihitaji kupasuliwa. Lakini kinaweza kuzuia maji ya kupoza yasiifikie ncha ya keekee. Mfupa ukifikia nyuzi joto 47 kwa dakika moja huanza kudhurika. Kwa hiyo daktari hutoboa kidogo kidogo, akiinua keekee ili maji yaingie. Tafiti nyingi zinazolinganisha kielekezi na kazi ya mkono mtupu zinaonyesha kuwa skrubu hukaa kwa usahihi zaidi kielekezi kinapotumika, ila upungufu wa mfupa baada ya mwaka mmoja haupishani sana.

Mbali na kazi ya daktari, hali ya mfupa wenyewe nayo ina uzito. Mkoani Singida, kwa mfano, hali ya meno na mifupa ina uhusiano na maji. Baadhi ya visima vya mkoa huo vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Madini hayo hutoka kwenye miamba. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yakijiunda huota meno yenye madoa meupe au ya kahawia, na yaliyoathirika sana humeguka. Floraidi nyingi ikilimbikizwa kwa miaka mingi hufika hata mifupani: mfupa huonekana mzito kwenye picha, lakini huvunjika kwa urahisi zaidi. Kwa mgonjwa aliyekulia eneo kama hilo, swali la maji aliyokunywa utotoni linastahili kuulizwa kabla ya upasuaji, na mfupa mgumu unahitaji kutobolewa taratibu zaidi kwa kuwa hutoa joto jingi.

Skrubu ikishashika, mfupa hulindwa na usafi. Utando wa bakteria shingoni mwake huvimbisha fizi na hatimaye huula mfupa. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari hiyo. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku na kurudi kwa daktari kwa ukaguzi ni sehemu ya matibabu yenyewe.