Jeki ya Gitaa Ikigoma Kutoka

Mtu apitaye Mabibo, mtaa wa Dar es Salaam uliobeba jina la tunda la mkorosho, jioni jua likianza kupunga, hakosi kuona kibanda cha fundi redio, na juu ya meza yake, miongoni mwa spika zilizopasuka na feni zilizonyamaza, pengine gitaa la umeme limelazwa kwenye gunia mfano wa mgonjwa amngojeaye mganga. Aghalabu maradhi yake si makubwa: sauti hukatika na kurudi, hukoroma, kisha hupotea kabisa; na ukiuliza sababu utaoneshwa jeki, yaani lile tundu la chuma ambamo huchomekwa pini ya waya uendao kwenye amplifaya.

Kidude hiki kina umri mkubwa kuliko gitaa la umeme lenyewe. Pini yake yenye unene wa milimita 6.35 ilibuniwa katika karne ya 19 kwa ajili ya mitambo ya simu, zama ambazo makarani waliwaunganisha wasemaji kwa kuchomeka na kuchomoa nyaya kwa mikono yao. Katika gitaa, sumaku zilizozungushiwa shaba nyembamba hugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme hafifu, nao umeme huo hauna pa kutokea ila hapo: ncha ya pini huguswa na ulimi wa chuma ulio ndani ya jeki, na shina lake huguswa na pete. Ulimi ukilegea, au lehemu ya waya mmoja ikiachia, basi ustadi wote wa vidole vya mpigaji haumfikii msikilizaji.

Ujirani wa Mabibo na magitaa si wa jana. Pale Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, na mwaka 1970 kikaanzisha bendi yake, Urafiki Jazz, kama chama cha wafanyakazi kilivyokuwa kimeanzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Katika bendi za namna hiyo vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, hata mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake na gitaa akaliacha nyuma. Na ilipofika miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu, gitaa lililoharibika halikutupwa, bali lilitafutiwa fundi.

Waama, jeki hukwama kwa sababu zilizo dhahiri. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, mkono wa mpigaji una jasho, na hayo mawili huilisha nati kutu mpaka ikashikamana na jeki kama iliyochomelewa. Kijana mmoja, akimtazama fundi mzee akiigusa nati kwa spana, alisema kwa furaha, "Mzee, si inazunguka hiyo?" Naye akamjibu pasipo kuinua macho, "Inazunguka, mwanangu, lakini hailegei." Muradi wake ni huu: jeki nzima ilikuwa ikizunguka pamoja na nati, ilhali huko ndani nyaya mbili zinajisokota kama kamba, na lau angaliendelea zingalikatika, akawa na ubovu wa pili kabla hajaponya wa kwanza.

Kwa hiyo kanuni ni moja: shika ndani ndipo uzungushe nje. Kwanza waya wa amplifaya uchomolewe. Gitaa lenye bamba la jeki, kama Stratocaster au Les Paul, hufunguliwa skrubu za bamba, jeki ikatoka nalo taratibu, kwa kuwa nyaya zake ni fupi. Kisha jeki hushikwa kwa koleo upande wa nyuma, na nati huzungushwa kinyume cha mwendo wa saa kwa spana inayolingana nayo sawasawa. Koleo lisiiguse nati, maana huila pembe zake. Ikikaidi, itiwe tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti, pasipo kugusa mbao, ikaachwa mpaka kesho. Mahali pasipofikika kwa ndani, tupa nyembamba ya mviringo huingizwa tunduni na kukazwa kidogo, ikaizuia jeki isizunguke. Kikombe kinachoishika jeki ya gitaa la Telecaster kisichokonolewe kwa bisibisi, kwani kingo za mbao hupasuka upesi. Na gitaa lenye uvungu, kabla jeki haijatumbukia tumboni, ifungwe uzi mrefu, ili jeki mpya ivutwe kwa uzi huo huo hadi tunduni pake.

Jeki mpya ikifika, waya wa sauti ulehemiwe kwenye ulimi na waya wa ardhi kwenye pete. Ukizibadilishia nafasi nyaya mbili hizo, gitaa litakupa mngurumo badala ya muziki.

Madhali jeki yenyewe ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa katika gitaa, hasara kubwa huletwa na mkono wenye pupa. Basi wewe mwenye gitaa, siku utakapoihisi nati imelegea chini ya kidole, ikaze siku hiyo hiyo, nawe umeishika jeki kwa ndani.