Je, Wajua? Sumaku Inayomsaka Bakteria Ndani ya Damu

Mgonjwa mwenye maambukizi ya damu anaweza kuwa mahututi ilhali kila mililita ya damu yake ina bakteria mmoja tu, au hata pungufu. Katika mililita hiyohiyo mna seli nyekundu bilioni 5 hivi na seli nyeupe mamilioni. Bakteria huyo atapatikanaje?

Njia iliyozoeleka ni kuotesha. Damu hutiwa kwenye chupa yenye chakula cha vijidudu, ikawekwa kwenye joto la mwili, na maabara husubiri hadi siku 5 kabla ya kutamka kwamba hamna kitu. Chupa ikionyesha dalili, bado kuna kazi ya kumtambua mdudu na dawa inayomuua. Muda wote huo daktari anatibu kwa kukisia. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, kati ya 1998 na 2002, watafiti waliotesha damu ya watoto zaidi ya 16,000 waliolazwa katika hospitali ya wilaya. Kati ya waliokutwa na bakteria kwenye damu, zaidi ya robo walifariki, na theluthi moja hivi ya vifo hivyo ilitokea siku ileile ya kulazwa. Kwa watoto hao, hakuna chupa ambayo ingewahi.

Mashine iitwayo T2Dx haingojei mdudu aote. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa fangasi wa Candida, na 2018 kwa bakteria. Ukiipa damu ilivyotoka mshipani, huanza kwa kupasua seli nyekundu, kisha hukusanya kilichobaki na kukitikisa pamoja na shanga ndogondogo mpaka ukuta wa bakteria uvunjike na DNA yake imwagike. Hapo mbinu iitwayo PCR hukinakili kipande kimoja cha DNA hiyo mara mamilioni. Hatua inayofuata ndiyo inayonivutia zaidi. Mashine huingiza chembechembe za sumaku zilizovikwa nyuzi fupi za DNA zinazonasa nakala hizo tu. Zikinasa, hushikana na kuwa vibonge, na maji yaliyozizunguka hubadili mwenendo wake mbele ya sumaku. Mashine husoma badiliko hilo kwa fizikia ileile ya kipimo cha MRI. Kwa kuwa haitegemei mwanga kupenya, wekundu na uzito wa damu haviizuii. Jibu hutoka kwa saa 3 hadi 5.

Hata hivyo, T2Dx huona tu kile ilichofundishwa kukitafuta. Orodha yake ya bakteria ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2018 ilikuwa na majina 5, na ilitungwa kwa wagonjwa wa hospitali za kule. Watoto wa Kilifi waliugua zaidi kutokana na nimokokasi, Salmonella isiyo ya taifodi, Haemophilus influenzae na E. coli. Katika hao wanne, ni E. coli pekee aliyemo. Chanjo ya Haemophilus ilianza kutolewa Kenya mwaka 2001 na ya nimokokasi 2011, lakini Salmonella hiyo haina chanjo inayotolewa kwa watoto wetu. Kipimo cha kuletwa Pwani kianze nayo. Na kitosheke na damu kidogo, kwa sababu mililita tatu za T2Dx, ambazo mtu mzima hata hazihisi, ni nyingi kwa kichanga wa kilo 2.