Wataalamu Wetu na Ngazi ya Jeshi

Hapa Ngonga, kama ilivyo pande zote za Kyela, kijana anayeandikishwa jeshini husindikizwa kwa vigelegele. Lakini akirejea akiwa bado na nguvu zake, naye ni tabibu au fundi mitambo aliyesomeshwa na Jeshi, wapo wanaonong'ona kwamba ameitupa amana ya taifa. Safu hii haikubaliani na shutuma hizo za jumla.

Tukumbuke yaliyotokea Januari 1964. Askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, walidai nyongeza ya mshahara, na pia kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza waliokuwa wameziba njia ya vyeo. Uasi ule ulikuwa fedheha kwa taifa changa. Jeshi lile likavunjwa, na JWTZ likaundwa Septemba mwaka huo huo. Hata hivyo madai yenyewe yanatufunza jambo: mshahara haukuja peke yake.

Kwa mtaalamu, suala la vyeo lina uzito zaidi. Ngazi ya jeshi ni pana chini na nyembamba juu, nayo ilijengwa kwa ajili ya kuongoza askari, si kwa ajili ya kupasua wagonjwa wala kufufua injini. Daktari apandaye cheo huvutwa kwenye meza na majalada. Asiyepanda hufikiwa mapema na umri wa kustaafu, kwa kuwa jeshini umri huo hufuata cheo, ilhali mwenzake wa kiraia aweza kufanya kazi hadi miaka 60. Basi baadhi ya hao tunaodai wameliacha Jeshi, kwa hakika ni ngazi iliyowaacha, tena wakati ujuzi wao umekomaa.

Wanaobaki nao wanajua hesabu. Jeshi limewalipia masomo, jamaa zao hutibiwa, na wapo waliopelekwa kulinda amani Lebanon, Darfur na Kongo. Ipo pia heshima ya sare, ambayo haipimwi kwa debe kama mpunga wetu.

Makao Makuu yangefikiria kumpandisha fundi kwa ufundi wake, bila kumtoa karakana. Nasi tunaiomba Halmashauri ya Kyela iorodheshe wastaafu hawa na ujuzi wa kila mmoja, ili zahanati zetu, wenye boti na meli za Itungi wajue pa kuwatafuta.