Mkono wa Kushoto Uende Gwaride

Katika miaka ya 1920, mtaani Harlem, New York, Willie "The Lion" Smith, aliyepata kuwa askari wa mizinga nchini Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, alichezesha watu kwa piano pekee, pasipo ngoma. Nguvu yake ilitoka mkono wa kushoto: pigo la kwanza na la tatu ulishukia sauti nzito; la pili na la nne ulirukia sauti kadhaa za juu zaidi kwa pamoja. Mkono huo ulikwenda gwaride, wa kulia ukawa huru. Nasi twawahimiza vijana wa bendi zetu: kabla ya kukimbiza vidole, kanyageni mapigo kwa miguu, kisha uzoezeni mkono wa kushoto peke yake, polepole. Mwili usipolishika pigo, vidole havitaliokoa, na wachezaji wataketi.