Faraja Iliyo Mikononi: Kusokota, Kufuma na Kulima Bustani

Wazee wetu walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Neno hili husemwa mara nyingi matangani na katika karamu za kuwaaga wastaafu, lakini ni wachache walifuatao hata likawafaa. Koleo likivunjika mhunzi angali na mikono yake. Na mtu ambaye mikono yake haina kazi, moyo wake hushinda ukitafuna huzuni mchana kutwa.

Sote twayajua mabadiliko ya maisha. Mume hufariki. Watoto humaliza shule wakaenda mijini. Karani hupewa uhamisho mpaka wilaya asiyoijua lugha yake. Wengine hufikia umri wa kustaafu, ambao Serikali ya Kenya iliupandisha mwaka 2009 kutoka miaka 55 hadi 60. Asubuhi ya kwanza mzee huamka saa kumi na moja kama ilivyo desturi yake, huoga, huvaa shati safi, kisha hukumbuka kwamba hakuna jalada linalomngoja mezani. Nimewaona waliokuwa wakubwa wangu kazini wakiingia katika ulevi kabla ya mwaka kwisha. Pensheni walikuwa nayo. Walichokosa ni shughuli. Kwa hiyo napenda kuzungumza nanyi, wasomaji, juu ya kazi tatu ndogo ambazo zimewafariji watu wengi.

KUSOKOTA UZI

Katika nyanda zetu za juu wako kondoo wa sufu, kama wale wa Merino na Corriedale, ambao kwa kawaida hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka. Sufu huoshwa polepole ili mafuta na takataka zitoke. Haisuguliwi kwa nguvu katika maji ya moto, maana itagandamana. Ikikauka huchanwa kwa vibao viwili vyenye meno ya waya. Ndipo msokotaji huivuta kidogo kidogo kwa vidole, huku gurudumu au kijiti cha kusokotea kikizunguka. Akivuta kwa haraka, uzi hukatika. Akikawia, huwa mnene. Hapana budi mkono na pumzi viende pamoja, na mtu mwenye hasira hutambua upesi kwamba uzi haumtii mpaka atulie.

Uzi mmoja peke yake hujikunja na kukatika. Kwa hiyo huchukuliwa nyuzi mbili, zikasokotwa pamoja kwa kuzungushwa upande mwingine, nazo hushikana zikapata nguvu. Hali kadhalika na wasokotaji wenyewe. Huko Nanyuki kikundi cha wanawake kilianza kazi hii mwaka 1977 kwa msaada wa Kanisa la Presbyterian, wakisokota sufu, wakiitia rangi za mimea, na kufuma mazulia. Mwanamke aliyefiwa akikaa nyumbani peke yake huhesabu siku. Akikaa kati ya wenzake na gurudumu mbele yake, huhesabu mafundo ya uzi, na jioni hurudi na kitu mkononi.

Wala kazi hii si ya watu wa hali ya chini tu. Mahatma Gandhi alipofungwa katika gereza la Yeravda nchini India, tangu mwaka 1922 hata 1924, alisokota pamba kila siku, ingawa alikuwa mwanasheria aliyesomea London.

KUFUMA

Kufuma kwahitaji vitu vichache: sindano mbili ndefu, uzi, na subira. Kila kitanzi hupitishwa ndani ya mwenzake, na mstari hukaa juu ya mstari. Kitanzi kimoja kikianguka, vya chini yake hufumuka. Lakini mfumaji hufumua mpaka mahali palipoharibika, akaanza tena kwa uzi ule ule. Ni mambo machache duniani yatupayo nafasi kama hiyo, na nadhani ndiyo sababu watu wenye majonzi huipenda kazi hii.

Baadhi ya wanaume watasema kwamba kufuma ni kwa wanawake. Yafaa wajue kwamba katika kisiwa cha Taquile, kilicho katika Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia za sufu kwa sindano, na wavulana hujifunza wangali wadogo. Sanaa ya kisiwa hicho ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Hata hapa kwetu Afrika, katika nyanda za Uhabeshi, watu wa Dorze wana desturi ya mwanamke kusokota pamba na mwanamume kuifuma kuwa nguo. Basi sindano haina mke wala mume.

Anayeanza asijitwike sweta nzima. Na afume kofia ya mtoto mchanga, kwa maana mtoto huyo hupoteza joto jingi kichwani, na hakuna mzazi wa Limuru au Molo atakayeikataa zawadi hiyo mwezi wa Julai.

BUSTANI

Nelson Mandela alikaa gerezani miaka 27. Mwaka 1982 alihamishwa kutoka Kisiwa cha Robben akapelekwa gereza la Pollsmoor, ambako hapakuwa na ardhi ila paa la saruji. Aliomba mapipa ya mafuta. Yakakatwa nusu kwa nusu, yakajazwa udongo, naye akapanda vitunguu, nyanya, kabichi, spinachi na vingine vingi. Mboga alizovuna aliwagawia wafungwa wenzake na hata askari waliomlinda.

Ikiwa bustani iliwezekana juu ya paa la gereza, itawezekana vilevile katika nyumba ya kupanga. Chukua gunia, weka nguzo ya kokoto katikati ili maji yashuke hata chini, jaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, kisha toboa matundu ubavuni upande miche ya sukuma wiki. Baada ya majuma sita au manane utaanza kuchuma majani ya chini, na mmea utaendelea kutoa. Tena mche haujui kwamba umestaafu au umefiwa. Wataka maji leo, na kesho pia. Anayehitajiwa na kitu fulani kila asubuhi ana sababu ya kuamka.

Sisemi kwamba sindano au jembe humrudisha marehemu, wala kwamba huzuni nzito haihitaji ndugu, mchungaji au daktari. Nasema tu kwamba mikono yenye kazi huupa moyo nafasi ya kupumzika. Tena yafaa kujifunza mapema. Karani mwenye miaka 35 aliyekwisha kupanda kitalu chake hatatishwa na barua ya kustaafu, na binti aliyefundishwa kufuma na nyanya yake ana mahali pa kushika siku dhiki itakapobisha hodi.

Basi, ndugu msomaji, juma hili tafuta gunia moja, au sindano mbili na fundo la uzi. Anza.